Mfumo Uliokataa Kukaa

Kinampanda,
11 Februari 2024

Shangazi Damari,

Kabla sijakuamkia nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: sijawahi kuwasha kompyuta maishani mwangu.

Shikamoo. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningejaza ukurasa kwa habari za nyumbani, halafu ningeifunga bahasha bila kulisema. Unanijua.

Nyumbani ni wazima. Baba amemaliza palizi ya alizeti, mgongo unamsumbua. Mama anafuma kila jioni. Mdogo wangu Shukuru ameingia darasa la sita na amekuwa na midomo. Matokeo yangu ya kidato cha nne baba alikupigia akakwambia, daraja la nne. Siku ile sikuweza kusema zaidi ya ndiyo na asante, maana baba akishika simu anaweka spika na jirani anasikia kila kitu. Ndiyo maana naandika.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye mahafali nilipewa cheti cha kuwa wa kwanza katika klabu ya kompyuta. Watu walipiga makofi. Lakini klabu ya kompyuta ya shule yetu haikuwa na kompyuta. Mwalimu alituchorea ubaoni kwa chaki, na sisi kila mmoja akachora kibodi kwenye kipande cha boksi. Tulichapa juu ya boksi huku mwalimu akipita kati ya madawati akisikiliza vidole. Nachapa upesi, shangazi, naweza kuchapa sala ya Baba Yetu yote bila kutazama. Ila herufi hazijawahi kutokea popote.

Mwezi uliopita wageni wa usharika rafiki walituletea kompyuta, ya mezani, iliyotumika, na mtambo wa kuchapisha. Wakati wa matangazo ya ibada Mzee Amosi, mwenyekiti wa baraza la wazee, akasimama: "Hatuhitaji kutafuta fundi mbali. Tunaye mtaalamu wetu hapa hapa. Dorika, simama wakuone." Nikasimama nikainamisha kichwa. Huku kwetu ukiinamisha kichwa umekubali.

Juzi mwinjilisti Ezekieli alinifungulia ofisi. Nikabonyeza kitufe. Ikavuma, kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe ya Kiingereza kwamba hakuna mfumo uliopatikana. Nilidhani nimeiharibu. Nilikaa mikono mapajani mpaka mwinjilisti akachungulia mlangoni.

"Imeamka?"

"Bado."

"Iache ipumzike. Imetoka mbali."

Shangazi, Catherine binamu yake baba anataka msichana wa kumsaidia kwenye mgahawa wake Singida Mjini, karibu na stendi. Msichana wa kusimama mlangoni na kuita wateja. Baba amesema kama kazi ya kompyuta usharikani haijaanza hadi mavuno, nitaenda. Mimi mbele ya watu wachache tu nasahau jina langu. Wewe una stationari, una kompyuta. Niambie nifanye nini.

Mtoto wako,
Dorika


Kahama,
2 Machi 2024

Dorika mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, Kahama ni joto na vumbi, na mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana. Mwambie kaka yangu apake ile dawa niliyompa, asiiweke tu juu ya kabati. Habari za stationari ni zile zile.

Kwanza, hujaharibu kitu. Wageni wamefuta kila kilichokuwa kwenye diski kabla ya kuitoa, na huo ni uungwana. Mashine ni nzima ila haina mfumo wa kuiendesha. Ni nyumba iliyojengwa ambayo hakuna aliyehamia.

Mzee Amosi atakwambia kuna kijana Kiomboi anapiga windo, yaani anaweka mfumo wa Windows. Kataa kwa adabu. Windo anazopiga hao vijana ni za kuiba, na baada ya muda zinaanza kudai leseni. Halafu wanakwaya wataleta flashi zao zenye virusi, na utalia. Nimelia mimi. Sisi tutatumia Linux. Imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wakaiacha wazi ili yeyote aichukue, aigawe, hata aibadilishe akijua. Ni halali. Kanisa lisichape ratiba ya ibada kwa mfumo wa wizi.

Linux ni za aina nyingi. Usihangaike. Ndani ni kitu kimoja, zinatofautiana namna ya kupanga sebule. Nimekuwekea Linux Mint kwenye flashi hii. Ichomeke, washa, na papo hapo bonyeza F12 mfululizo mpaka uulizwe uanzie wapi. Chagua flashi. Itafunguka bila kugusa diski, uione na kuishika kwanza. Kipanya kikitembea na kibodi ikiandika, ndipo ubonyeze ile alama ya kusakinisha. Lugha chagua Kiswahili, kibodi ya Kimarekani, saa za Dar es Salaam. Ikikuuliza kama ifute diski yote, kubali, hakuna cha kupoteza.

Na simu ya baba yako hapana, sitaki kufundisha kompyuta kwa majirani. Nichoree unachokiona kwenye kioo.

Usiogope kile kitufe. Kuogopa kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Shangazi yako,
Damari


Kinampanda,
24 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Baba anapaka dawa sasa, ila analalamika inanuka. Mvua zimekuwa nzuri. Jirani yetu Eliza amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la bibi.

Flashi ilifika. Baba aliifuata Misigiri, kondakta wa basi akamkabidhi bahasha mkononi, na baba akaileta ndani ya kofia ili isilowe.

Shangazi, imefunguka. Nilifanya kama ulivyosema, ikafunguka, ikatulia na picha ya rangi ya kijani. Nikatafuta mahali pa kuandikia, nikaweka vidole, nikafumba macho nikachapa kama juu ya boksi. Nilipofumbua, Baba Yetu ilikuwa pale. Yote. Nilikosea neno moja tu. Sikumwita mtu. Nilikaa nikaisoma tu.

Halafu nikabonyeza kusakinisha. Nilijibu maswali yote. Ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ukaanza kusogea, ukafika kama katikati, kisha pu, giza. Mashine ikazimika yenyewe, na umeme haukukatika, taa ilikuwa inawaka. Nikasubiri, nikaiwasha upya. Flashi inafunguka vizuri, kipanya kinatembea, nikianza kusakinisha inazimika tena njiani. Nimerudia wiki nzima. Nimekuchorea kioo kilivyokuwa kabla ya kuzima. Yale maneno ya mwanzo kabisa yanasema kumbukumbu ni GB mbili.

Nakuomba kitu kimoja. Anza kusakinisha kwenye mojawapo ya zako pale stationari, halafu uniambie mstari ukifika katikati kwako inaandika nini. Nitalinganisha na mchoro wangu.

Mwinjilisti Ezekieli anauliza kila asubuhi, "Imekubali?" Nasema, "Inafikiri."

Wako,
Dorika


Kahama,
28 Aprili 2024

Dorika mwanangu,

Marahaba. Hongera zake Eliza. Mguu haujapona, tuuache.

Najua nimechelewa. Sina sababu nzuri ya kukupa.

GB mbili ni kidogo. Mint inaweza kuwa inabanwa pumzi ikianza kazi nzito. Nakutumia Debian, yenye sebule ndogo inayoitwa LXDE. Haina madoido, lakini hata mashine kuukuu inaibeba. Maswali yake ni mengi zaidi, na mengine yanarudiwa kwa maneno tofauti. Yajibu kama ulivyojibu ya kwanza. Ikikutaka uchague vya kuweka, weka alama kwenye LXDE na kwenye mtambo wa kuchapisha, vingine ondoa.

La pili ni umeme. Pale karibu na kanisa kuna mashine ya kusaga. Ikianza kunguruma, umeme wa jirani wote unapungua nguvu. Fanya kazi asubuhi kabla haijawashwa.

Flashi imejazwa na Innocent, mwenye duka jirani yangu. Ni kijana mzuri, mwombee apate mke.

Jina la mtumiaji liwe usharika, herufi ndogo. Nywila chagueni wenyewe, isiwe jina la mchungaji.

Damari


Kinampanda,
12 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Huku alizeti zimeinamisha vichwa. Baba anasema tutaanza kuvuna baada ya wiki chache. Mama alipongezwa kwenye Umoja wa Wanawake kwa ufumaji wake, alirudi amevaa kitenge chake kizuri mpaka usiku. Sisi wengine tumechoka tu.

Debian imefika mbali kuliko Mint. Ilipita kwenye diski, ikapita kwenye saa, ikaanza kufungua vifurushi vyake. Kisha ikazimika. Nimejaribu asubuhi kabla ya mashine ya kusaga. Imezimika. Nimejaribu Jumapili baada ya ibada, mashine ya kusaga ikiwa imefungwa na mwenyewe yuko kanisani. Imezimika. Jana nilikaa nayo nikaiambia, "Kaa basi." Niliisema kwa sauti, shangazi. Nimefikia hapo.

Alhamisi baraza la wazee lilikaa. Waliniita nikasimama mlangoni.

"Dorika," akasema Mzee Amosi, "kompyuta inafanya kazi?"

"Inafanya, ila mfumo unakataa kukaa."

"Unakataa kukaa. Tangu Februari tunautafutia kiti tu?" Wazee wakacheka. "Binti yangu, hata jogoo wa mnada huwa anawika kabla hatujamnadi. Hii haijawika. Sikukuu ya Mavuno ni tarehe kumi na nne Julai. Isipowika, tunainadi pamoja na kuku na maboga, apatikane mwenye kuiweza."

Mwinjilisti akasema, "Mzee, mtoto anajitahidi."

"Sijasema hajitahidi. Nimesema Julai."

Nilipofika nyumbani baba alikuwa ameshasikia. Akampigia Catherine, spika wazi. Catherine akasema kuna kitanda na kwamba anapenda msichana mpole. Baba akanitazama. Nikaenda kuchota maji.

Shangazi, nilikuomba ujaribu kwenye kompyuta yako uniambie inaandika nini. Hukunijibu. Sikulaumu. Lakini ni kitu kidogo, na zako ziko mezani hapo hapo.

Dorika


Kahama,
16 Juni 2024

Dorika,

Marahaba. Wote wasalimie.

Sikukujibu kwa sababu sina jibu. Usiniulize tena hilo.

Sitatuma flashi nyingine. Nimewaza njia nzima kutoka sokoni. Mint inazima, Debian inazima. Mifumo miwili ya watu tofauti haiwezi kuharibika kwa namna moja. Tumekuwa tukibadilisha mpangaji, na huenda tatizo ni nyumba. Umenichorea vioo mpaka vimejaa kitandani kwangu, lakini hujanichorea chumba.

Nichoree ofisi nzima. Nichoree kama mimi ndiye naingia mlangoni. Kila kilicho juu ya meza, chini ya meza, nyuma ya mashine, waya unakopita. Usiache kitu kwa kuona ni cha kawaida.

Na usilie juu ya karatasi, wino unasambaa. Niliona.

Shangazi


Kinampanda,
23 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kukusumbua na lile swali. Kuvuna kumeanza. Nimeandika hii jioni, mikono inawasha kwa maganda ya alizeti.

Mchoro umo ndani. Kama haueleweki, ofisi iko hivi. Ukiingia, dirisha liko kulia, halifungi vizuri, na unajua upepo wa kwetu, vumbi linaingia siku nzima. Meza ni ya mwinjilisti, imeegemea ukuta wa mbele. Juu ya meza kuna kioo cha kompyuta, kibodi, na kipanya juu ya kipande cha zulia. Kuna mtambo wa kuchapisha, na chupa ya mafuta ya taa ya zamani, tupu. Mashine yenyewe, ile CPU, iko upande wa kushoto, imesogezwa mpaka ukutani ili mtu asije akaigonga kwa kiwiko. Waya unapita nyuma kwenda kwenye soketi ya taa. Chini ya meza kuna ngoma ya kwaya na mfuko wa viti vya plastiki vilivyovunjika.

Mashine imevaa nguo yake. Nguo hiyo mama aliifuma siku zile wageni walipoileta, nyeupe na zambarau. Ameishonea bitana ya blanketi ndani kwa ajili ya vumbi. Ameipima vizuri sana, imekaa kama sweta la mtoto. Mbele ameacha tundu la kitufe na tundu la kuchomeka flashi, na nyuma tundu la waya, kwa hiyo hakuna haja ya kuivua. Inavuliwa Jumamosi tu, mama akienda kuifua. Hiyo ndiyo iliyopongezwa kwenye Umoja wa Wanawake. Kioo nacho kina kitambaa chake, ila hicho nakifunua ili nione.

Ni hayo tu. Sijaona kitu cha ajabu chumbani.

Nimeanza kukunja nguo zangu za kwenda kwa Catherine. Shukuru anauliza kama nikienda atapata kitanda changu.

Dorika


Kahama,
30 Juni 2024

Dorika mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kisha nikaacha kucheka.

Ivue.

Mashine hiyo ina feni, inavuta hewa na kuitoa. Ikikaa bure haipati joto sana, ndiyo maana flashi inafunguka na kipanya kinatembea. Ukianza kusakinisha inafanya kazi kwa nguvu zote, inachemka, na ndani ya blanketi joto halina pa kutokea. Ikifika mahali inajizima yenyewe isije ikaungua. Inajiokoa. Mint haina kosa, Debian haina kosa, na wewe huna kosa. Imekuwa ikilima juani imevaa koti la baridi.

Ivue nguo yote. Isogeze mbali na ukuta, mkono mzima upite. Kwa vumbi, funga dirisha unapofanya kazi, na ifunike ikiwa imezimwa tu. Weka Debian, kwa GB mbili ndiyo inayokufaa.

Na mimi nilipaswa kuuliza mapema. Nani asiyefunika kitu cha thamani? Redio ya marehemu baba yangu ilikuwa na vazi. Televisheni yenu ina vazi. Na mimi nimezaliwa nyumba hiyo hiyo, ila nimekaa sana mbali, nikasahau mnavyopenda vitu.

Sasa lile swali ulilouliza mara mbili.

Sina kompyuta, Dorika. Stationari niliifunga Januari. Mashine zimeuzwa zote, na barua yako ya kwanza ilinikuta nimekaa kwenye chumba chenye maboksi. Uliandika kwamba hujawahi kuwasha kompyuta, ukaniomba mimi mwenye nazo. Nikashindwa kusema. Kila nilichokuandikia nimekiandika kwa kukumbuka. Nafumba macho, naweka vidole kwenye meza ya chakula, napita hatua kwa hatua, F12, lugha, saa, kama wewe na boksi lako. Ndiyo maana nilichelewa. Wakati mwingine nilikuwa nasubiri Innocent apate nafasi. Wakati mwingine sikuwa na nguvu ya kukaa mezani na kujifanya.

Nitarudi nyumbani mwisho wa Agosti, na begi langu. Kaka yangu akiambiwa kabla atapiga simu, ataweka spika, na watu wote wa Kinampanda watanionea huruma kabla sijashuka kwenye basi. Nitamwambia mwenyewe tukiwa tumekaa. Mpaka hapo, nakuomba usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Damari


Kinampanda,
21 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Pole. Nimeiandika pole hiyo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikaichana, kwa sababu kila nilichoongeza baada yake kilikuwa kibaya. Kwa hiyo ni pole tu.

Nyumbani ni wazima. Alizeti zimepatikana kiasi. Mama ana kikohozi, kinapungua.

Barua yako niliisoma nikiwa shambani nikaichoma jikoni. Kesho yake mama alipokwenda kuanika alizeti, nilikwenda ofisini nikafunga dirisha, nikaivua mashine ile nguo. Nilifanya taratibu kama ninamvua mtoto aliyelala. Kwa ndani bitana ilikuwa imebadilika rangi, ya kahawia, mahali pa feni. Nikaisogeza. Nikaanza Debian upya.

Mstari ulifika katikati. Nilishika kiti. Ukapita. Ukapita na pale ilipozimikia mara ya pili. Mashine ya kusaga ikaanza, sikujali. Feni ilikuwa inanipulizia hewa ya moto mguuni. Mwisho ikaniambia nichomoe flashi niiwashe upya, nikafanya hivyo, ikafunguka yenyewe, bila flashi, ikaandika usharika na kuniomba nywila. Nilidhani nitafurahi sana. Nililaza kichwa mezani nikalala.

Siku zilizofuata niliipanga. Maneno yamekuwa ya Kiswahili, ingawa sehemu nyingine yamebaki ya Kiingereza. Herufi nimezikuza kwa ajili ya macho ya mwinjilisti. Picha ya nyuma nimeitoa nikaweka rangi moja, isiichoshe mashine. Mtambo wa kuchapisha ulinisumbua siku mbili, ukakubali. Nywila amechagua mwinjilisti, ni jina la ng'ombe wake aliyekufa. Ameniambia anayejua ni yeye, mimi na Mungu.

Jumamosi kabla ya mavuno nilichapa ratiba ya ibada. Akina mama walikuwa wanapamba kanisa, wakasikia mtambo unalia, wakaja ofisini wote na mabua mikononi. Mzee Amosi akaja nyuma yao. Akachukua karatasi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imetoka humu ndani?"

"Ndiyo, mzee."

"Na jina langu limo." Akasoma tena. "Basi kuku watanadiwa peke yao." Watu wakacheka. Kisha akaitazama mashine. "Mbona iko uchi? Nguo yake iko wapi? Mama yako kahangaika miezi."

Kila mtu akageuka. Mama alikuwa pale pale, shangazi, na bua la mahindi mkononi, akinitazama. Nguo nilikuwa nimeikunja nikaiweka juu ya ngoma ya kwaya. Nilijua nikiinamisha kichwa mama ataelewa vibaya, na nikisema ukweli ataelewa vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Miezi yote ile alikuwa akiona ninavyorudi nimechoka, ananiwekea chakula, halafu anakwenda kuifua nguo ile ili mashine ipendeze.

Nikasema. Kwa sauti, wakasikia hadi wa mlangoni. Nikasema, "Ile ni nguo ya kanisani. Siku za kazi inafanya kazi bila nguo nzuri, kama sisi. Ikimaliza, inafutwa vumbi na kuvaa."

Jirani yetu Eliza akapiga kigelegele. "Jamani, hata mashine ina nguo ya Jumapili!" Na mama akacheka, akaja akaichukua ile nguo kwenye ngoma, akasema, "Basi iongezewe na maua hapa kifuani." Sijasema maneno mengi hivyo mbele ya watu tangu nizaliwe.

Usiku baba alimpigia Catherine, spika wazi. "Dorika hatakuja. Ana kazi." Alilisema kama jambo ambalo limekuwepo siku zote. Nilichota maji hata hivyo, nilikuwa nimezoea.

Jana baba ameniuliza mbona shangazi yako anaandika barua kila mara, hana kazi huko? Nikamwambia unayo, unanifundisha. La kwako ninalo, na halitatoka mpaka useme wewe.

Na hili la kwangu, la ile nguo, nakuwekea wewe. Mwinjilisti hajui, Mzee Amosi hajui, baba hajui. Wanadhani mfumo wa kwanza ulikuwa mbaya, wa pili ukawa na ukaidi, kisha nikaushinda. Waache wadhani hivyo. Ukija, mama atakushika mkono Jumapili baada ya ibada akupeleke ofisini kabla hata hujanywa chai. Itakuwa imezimwa, imevaa, na maua kifuani. Atakuuliza unaionaje. Tafadhali, shangazi, sema ni nzuri. Usiseme kingine chochote, wala usinitazame.

Mtoto wako,
Dorika